Kabla Mnyama Hajafika

Katika miaka ya 2002 hadi 2004, watu wa pande tatu za Bahari ya Hindi walikuwa wakiliwa na wanyama kwa wakati mmoja, na kila upande ulikuwa na namna yake ya kuuelewa msiba huo. Rufiji, mwendo wa saa chache kutoka Dar es Salaam ukiifuata barabara ya Kilwa, simba waliua watu wapatao 35 katika vijiji vya bondeni kabla ya dume mmoja kupigwa risasi Aprili 2004. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, kwenye uwanda wa Wamakonde wa Msumbiji, wilaya ya Muidumbe ilizika makumi ya watu waliouawa na simba mwaka 2002 na 2003. Na Mumbai, jiji kubwa la pwani ya magharibi ya India, chui wa Hifadhi ya Taifa ya Sanjay Gandhi walikuwa wakivamia watu katika mitaa iliyobanana na msitu, na mwaka 2004 ukawa mbaya kupita yote.

Rufiji ilimsubiri mwenye bunduki. Askari wanyamapori walikesha, wanakijiji wakampa dume yule jina la Osama, na alipouawa ikaonekana ana jipu kubwa chini ya gego lililopasuka. Muidumbe, hofu iligeuka haraka ikawa ya jirani kwa jirani: watu kadhaa waliotuhumiwa kutengeneza simba kwa uchawi waliuawa na umati, na ugomvi ukaingia hadi kwenye siasa. Mumbai, maofisa walitega vizimba, wakakamata chui mmoja baada ya mwingine na kwenda kuwaachia ndani ya hifadhi. Mitego ikazidi, na vifo navyo vikazidi.

Waandishi wengi wa mambo haya huzigawa jamii mafungu mawili, zinazompenda mnyama na zinazomchukia. Kipimo hicho sikiamini. Hakuna mama aliyempenda chui aliyemchukua mwanawe, na sijasoma mila yoyote isiyomheshimu simba kwa namna fulani. Swali ninaloziuliza mila hizi ni jingine: zinamwambia mtu afanye nini kabla mnyama hajafika? Maelezo ya baada ya msiba kila jamii inayo. Yanayookoa roho, ya mtu na ya mnyama pia, ni maagizo ya jioni: nani alale wapi, nani atoke na nani, mlango ufungwe kwa kitu gani, cha msituni kichukuliwe kiasi gani.

Nianze na Rufiji kwa kuwa ndiyo jirani yetu sisi wa Dar es Salaam. Mkazi wa Kinondoni anaweza kuzeeka bila kusikia habari za simba isipokuwa za mpira, ambako tangu klabu ya Sunderland ilipobadili jina kuwa Simba mwaka 1971 tunamwita Mnyama kwa mapenzi. Lakini nenda soko la Tandale alfajiri, malori yanaposhusha. Vijana wa kubeba wanapita na magunia ya mchele na mahindi mabegani, pumba zimewajaa shingoni, ufuta wa kusini unamwagwa kwenye turubai na kuchekechwa mbele ya mnunuzi. Chakula kile kabla hakijafika kwetu kilikuwa na mlinzi. Usiku mwingi mtu alilala shambani ili nguruwe pori wasikimalize.

Bondeni Rufiji mlinzi huyo hulala kwenye dungu: kibanda juu ya nguzo za miti, sakafu ya fito, paa la nyasi, ukuta mwepesi wa kuzuia upepo na mara nyingi upande mmoja wazi ili shamba lionekane. Chini kuna jiko la mafiga na debe la kugonga nguruwe wakisikika. Familia nzima huweza kuishi humo majuma kwa majuma wakati wa kuamia mpunga, watoto wakiwamo. Anayetaka kujisaidia usiku hushuka ngazi. Anayesikia mahindi yakivunjwa hushuka pia, gizani, na huko chini anayemwinda nguruwe si yeye peke yake.

Mpangilio huo una historia. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliendesha Operesheni Rufiji na kuwahamishia watu wa bondeni kwenye vijiji vilivyopangwa juu, mahali ambapo shule, zahanati na barabara vingewafikia. Rutuba haikuhamishwa. Nyumba ikawa huku na shamba kule, na kila msimu mkulima akalazimika kurudi bondeni na kukaa kwenye kibanda cha muda, mbali na majirani. Sisemi uhamisho ule ulileta simba. Nasema uliwaweka watu mahali ambapo simba angewakuta wametawanyika na hawana mlango.

Mwaka 2005 Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir walichapisha katika jarida la Nature hesabu iliyowashtua wengi: tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308. Walipozilinganisha wilaya, waligundua kwamba mashambulizi yalikuwa mengi zaidi kule ambako swala na pundamilia wamekwisha na waliobaki ni nguruwe pori. Simba humfuata nguruwe, nguruwe hufuata mazao, na kwenye mazao yupo mtu amelala. Msimu wa hatari ni wa mavuno, Machi hadi Mei. Magazeti yalilipenda sana lile jino bovu la Osama, na kweli mnyama mwenye maumivu hutafuta windo jepesi. Lakini jino linaeleza habari za simba mmoja. Nguruwe na dungu vinaeleza vifo vya Rufiji, vya Lindi na vya Mtwara, na vinatuonyesha pa kuanzia kazi, jambo ambalo jino haliwezi.

Sasa tuvuke kwenda Unguja, kwa sababu huko ndiko mila ya kumtafuta mwenye mnyama, ile tuliyoiona Muidumbe, ilikofika mwisho wake. Kisiwa kilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa bara, madoa yake yamepasuka na kusagika. Mtaalamu Reginald Pocock alimwandika kama aina ya peke yake mwaka 1932. Watu walipoongezeka na mashamba kuisogelea misitu, chui alianza kuchukua mbuzi, na mara nyingine watoto. Vijijini ilijulikana kwamba kuna chui wa porini na kuna chui wa kufugwa. Huyu wa pili, ilisemwa, ana bwana wake: mchawi aliyemnunua au kumrithi, anamlisha kwa siri na kumtuma kwa adui. Mbuzi akipotea, swali la kwanza lilikuwa la nani kamtuma.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, imani hiyo ilipata nguvu ya dola nyuma yake. Mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi alizunguka vijijini akiwafichua wachawi na chui wao, na kampeni iliyobeba jina lake iliungana na msako wa kumwua chui popote alipo. Martin Walsh na Helle Goldman, waliokusanya masimulizi hayo kwa miaka mingi, wameonyesha jinsi msako wa wachawi na msako wa mnyama ulivyokuwa kitu kimoja machoni pa wanakijiji. Kufikia miaka ya 1990 watafiti walikuwa wakisema chui wa Unguja huenda hayupo tena. Mwaka 2018 kamera moja ya msituni ilinasa picha ya mnyama anayefanana naye, na mjadala ukafufuka, lakini hadi leo aliyethibitika ni yule wa makumbusho, ngozi iliyojazwa.

Ninapoyasoma masimulizi hayo naona kitu kimoja kimekosekana. Kuna habari za nani anafuga, chui anauzwa vipi, anatambulikaje kuwa si wa porini. Ya kumwambia mama azuie vipi banda la mbuzi, au watoto watumwe kisimani saa ngapi, ni haba sana. Akili yote ya kijiji ilikwenda kwa jirani. Gharama yake ikawa watu walioaibishwa mbele ya wenzao, na mnyama ambaye haishi mahali pengine popote duniani huenda amefutika, na sidhani kuna mbuzi aliyelala salama zaidi kwa sababu ya jina lililotajwa na mganga.

Njombe wanayo habari inayofanana, nzito zaidi kwa idadi ya marehemu. Kati ya 1932 na 1947 simba waliua watu wengi mno huko. Hesabu inayosimuliwa ni ya 1,500 au zaidi, na wapo wanaoitilia shaka. Wenyeji walimtaja Matamula Mangera, mganga aliyevuliwa cheo cha ujumbe, wakasema simba ni wake na hawatakoma hadi arudishiwe. George Rushby, bwana nyama wa serikali ya kikoloni, aliwinda na kuua simba 15, naye alikuwa na maelezo mengine: serikali yenyewe ilikuwa imewapiga risasi wanyama wa eneo lile ili kuzuia sotoka isifike kwenye ng'ombe, na simba wakabaki bila windo. Nimeyaweka maelezo hayo mawili pamoja kwa makusudi. Wananchi walisema aliyewaletea simba ni mwenye mamlaka aliyekasirika. Rushby alisema ni mamlaka iliyoua windo. Wote waliona kwamba kuna mkono wa mtu. Wananchi waliukosea mkono wenyewe, lakini hawakukosea kuutafuta.

Singida, katika miaka hiyohiyo ya 1940, mambo yalipinduka: watu waliuana kwa kujivika ngozi za simba, na mahakama za kikoloni zikawahukumu watu-simba. Na tusijidanganye kwamba hayo ni ya zamani. Mwanzoni mwa 2025 fisi walipokuwa wakishambulia watu Simiyu na askari wa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, wakawaua kadhaa, habari iliyosambaa kwenye simu zetu hapa Dar haikuwa ya waliojeruhiwa. Ilikuwa ya fisi aliyedaiwa kukutwa na alama zilizochorwa mwilini, na swali likawa lilelile la Unguja, ni wa nani.

Fisi huyohuyo, ukimfuata hadi Harar, mashariki mwa Ethiopia, utamkuta kwenye mkataba tofauti kabisa. Harar ni mji wa Kiislamu uliozungushiwa ukuta tangu karne ya 16, na katika ukuta huo wenyeji wameacha matundu ya chini ambayo fisi hupitia usiku. Anaingia, anakula mabaki ya machinjioni na taka za mitaani, anatoka kabla ya alfajiri. Watu huamini kwamba fisi hula majini yanayowasumbua binadamu. Siku ya Ashura hupika uji mzito wenye samli na kuwapelekea kwenye maziara nje ya mji, na namna fisi anavyoula husomwa kama dalili ya mwaka ujao. Wageni huvutiwa na wanaume wanaowalisha fisi nyama kwa mkono pale ukutani. Mimi kinachonivutia ni yale matundu. Mji uliamua mnyama apite wapi na saa ngapi, na kila mtoto wa Harar anajua njia hiyo si ya kuchezea usiku.

Hapa Kinondoni tunayo maktaba ya maamuzi ya namna hiyo, na wengi wetu tunaipita kila siku ndani ya daladala. Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo, kilianzishwa katikati ya miaka ya 1960 kuonyesha nyumba za asili za makabila ya Tanzania. Inama uingie kwenye tembe la Wagogo. Paa ni bapa, la udongo uliolazwa juu ya magogo na fito. Ukuta wa nje umefunga kimya, hauna dirisha la kusemea. Vyumba vyote vimegeukia uani, na uani ndipo ng'ombe walipolala. Nenda kwenye nyumba ya Wachagga au msonge wa Wahaya, nyasi kutoka kileleni hadi chini, utaambiwa ng'ombe na watu walilala humohumo. Wageni hupiga picha na kuondoka wakidhani wameona sanaa ya ujenzi peke yake. Lakini jengo la namna hiyo ni agizo la jioni lililofanywa udongo na miti. Aliyejenga tembe alijua kuna wezi, kuna vita na kuna simba, akamaliza mabishano yote matatu kwa ukuta mmoja. Ninapolilinganisha na dungu la wazi la Rufiji, naona watu waliokuwa na elimu ya kulala salama wakalazimishwa na mpango wa vijiji na umaskini kulala bila kuitumia.

Kwenye misitu ya mikoko ya Sundarbans, mpakani mwa India na Bangladesh, ukuta haujengeki. Maji hupanda na kushuka, na chui milia huogelea. Huko wakata kuni na warina asali, Waislamu kwa Wahindu, humtegemea Bonbibi, mama wa msitu, ambaye kisa chake kinamfanya binti wa fakiri aliyetoka Makka. Kitabu cha kisa hicho kimeandikwa Kibengali, lakini kurasa zake hufunguliwa kuanzia kulia kama za msahafu. Ndani yake kuna kijana maskini, Dukhe, aliyeachwa msituni na ndugu yake tajiri ili aliwe na Dokkhin Rai, mwenye umbo la chui milia, kuwa malipo ya shehena ya asali na nta. Bonbibi anamwokoa na kuweka masharti: binadamu aingie msituni kwa shida ya kweli tu, achukue cha kumtosha, asiingie na moyo wa uchu.

Kwa kipimo changu, mila hii ni bora kuliko ya Unguja kwa mbali. Inamgusa anayeingia kabla hajaingia, na anayeshitakiwa ndani yake ni tajiri anayemtanguliza maskini hatarini. Hata hivyo ina upande wake mchungu. Mume akiliwa, mjane huonekana ndiye aliyeleta kisirani, akatengwa. Na serikali imeongeza uchungu juu ya huo: aliyeuawa akiwa ameingia eneo lililokatazwa au bila kibali, familia yake haipati fidia. Yule yule Dukhe, aliyesukumwa msituni na njaa, anahesabiwa mhalifu akiwa amekufa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 warina asali walipewa vinyago vya uso wa mtu wavae kisogoni, kwa kuwa chui milia hupenda kuvamia kwa nyuma. Vilisaidia kwa muda. Navitaja kwa sababu kinyago na sala ya Bonbibi vilivaliwa na mtu mmoja asubuhi moja, na havikugombana.

Turudi Mumbai. Mtafiti Vidya Athreya alikuwa akifuatilia chui wa eneo la Junnar, katika jimbo lilelile la Mumbai, akaona kwamba chui waliokamatwa na kuachiwa mahali pageni hawakutulia. Mashambulizi dhidi ya watu yaliongezeka karibu na walikoachiwa. Mnyama aliyetolewa kwao, hajui maji yako wapi wala watu wanapita wapi, ni hatari kuliko mnyama mwenyeji. Hifadhi ya Mumbai ina kilomita za mraba zipatazo 104 tu, na chui wageni walikuwa wakimiminwa humo. Kuanzia 2011 hifadhi, watafiti na wakazi waliungana katika mpango uliobadilisha kazi: taka ziondolewe, vyoo na taa viwekwe, watoto wasitoke peke yao jioni, umati usimzingire chui aliyeonekana, na mtego usiwekwe kwa sababu tu mtu kamwona. Chui wa Mumbai hula sana mbwa koko. Mbwa hufuata taka. Kwa hiyo anayefagia mtaa ndiye anayeamua chui apite wapi.

Nao Mumbai hawakuanza na karatasi tupu. Wawarli, wenyeji wa misitu ile, wana vibanda vya ibada ya Waghoba, mungu mwenye umbo la chui, na kila mwaka humpelekea sadaka. Anayemtambua chui kama mwenyeji hamshangai anapopita. Mgeni wa ghorofani akimwona chui kwenye ukuta wa maegesho hupiga simu aondolewe leo hii.

Sisi wa Kinondoni tuko njiani kuwa wageni wa namna hiyo. Pande, pori la akiba lenye kilomita za mraba zipatazo 12 tu, limezungukwa na nyumba zinazopanda kila mwaka kutoka Mabwepande, Mbezi na Goba. Tukitaka msitu huo ubaki hai, kazi yetu inaanza na taka za mtaa, mbwa wasio na wenyewe na taa za njia za watoto wa shule. Hakuna linalofanyika ndani ya uzio wa pori litakalofidia uchafu wa nje yake.

Kuna mila nyingine inayotajwa sana, ya shujaa. Morani wa Kimaasai alimuua simba kwa mkuki na kupata jina. Barabaig aliyeua simba alipewa ng'ombe na jamaa, na Msukuma aliyeua simba alicheza nyumba kwa nyumba akipokea zawadi. Zamani zawadi hiyo ilikuwa malipo kwa aliyejitoa kwa ajili ya zizi la wote. Kule Katavi imeonekana baadhi wanaingia porini kumtafuta simba asiyegusa mfugo wa mtu, kwa ajili ya zawadi tu. Ninachokiheshimu ni jinsi wenyewe walivyoanza kuigeuza. Tangu 2007, upande wa Amboseli nchini Kenya, morani wameajiriwa kuwafuatilia simba, kuwapa majina, kuwaonya wachungaji wasipeleke ng'ombe upande fulani leo, na kuziba boma lililolegea. Simanjiro, wafugaji hupanda miti hai kuwa nguzo za uzio wa waya na kupata zizi ambalo simba haliruki wala haliliwi na mchwa. Ujuzi ni uleule wa kusoma nyayo. Umesogezwa tu kutoka asubuhi ya kisasi hadi jioni ya tahadhari.

Sheria nayo ni mila, ya watu wanaoandika. Yetu ni Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na kanuni zake za 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni 1 kwa familia ya aliyeuawa, 500,000 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na 200,000 kwa aliyejeruhiwa akapona. Kenya, kwa sheria yake ya 2013, iliandika shilingi milioni 5 za Kenya kwa kifo, kisha madeni ya fidia yakarundikana miaka na miaka. Kiasi kile chetu cha 2011 kilikuwa kidogo mno kwa uhai wa mtu, na nasema hivyo bila kupepesa macho. Lakini kosa kubwa la sheria zote mbili ni kwamba fungu lake linafunguliwa baada ya msiba kutokea. Afisa wanyamapori wa wilaya anayo fomu ya kujaza baada ya msiba. Fungu la mbao, misumari na mabati ya kuligeuza dungu liwe na mlango halina fomu yake. TAWA imeonyesha kwamba inawezekana: kando ya Ziwa Victoria, wilayani Sengerema, imejenga vizimba vya chuma majini ili watu wachote maji bila kukamatwa na mamba. Kama mchota maji wa Sengerema anastahili kizimba, mlinzi wa mpunga anastahili mlango.

Kuhusu simba aliyekwisha kuzoea kula watu, sina maneno mengi. Auawe haraka, na serikali yenyewe, kwa mkono wenye ujuzi. Wanaodhani kusita ni kuhifadhi wakumbuke Februari 2018 kandokando ya Ruaha, ambako sumu iliua simba 6 na tai zaidi ya 70. Mfugaji aliyechoka kusubiri bunduki ya serikali hatumii mkuki siku hizi. Hutumia dawa kwenye mzoga, na dawa haichagui.

Upo ujuzi mmoja wa pwani ambao hakuna aliyeutumia ipasavyo. Mwaka 2011 Packer na wenzake walichapisha uchunguzi wa mashambulizi yaliyowapata zaidi ya watu 1,000 nchini kati ya 1988 na 2009, wakitazama umri wa mwezi. Mwezi ukiwa mpevu, simba huonekana na windo lake, hivyo hushiba kwa taabu. Ukishapita upevu, jua huzama na mwezi bado haujachomoza. Kunakuwa na saa za giza totoro mwanzoni mwa usiku, watu bado wako njiani na simba ana njaa. Siku kumi zinazofuata mwezi mpevu ndizo mbaya kuliko zote. Kwa mkulima wa Rufiji au Lindi hesabu hiyo haihitaji mtaalamu. Kalenda ya Kiislamu imetundikwa ukutani mwake, na usiku wa hatari ni ule unaoanzia mwezi 16 hadi kama mwezi 25.

Ni siku hizohizo ambazo, ndani ya Ramadhani, watu hurudi kutoka tarawehe kwa miguu, saa mbili na saa tatu za usiku. Ramadhani za 2023 hadi 2025 ziliangukia Machi na Aprili, msimu uleule wa kulinda mpunga. Tangazo la dakika moja kwenye kipaza sauti cha msikiti baada ya Alasiri lingetosha: leo mwezi 16, watu watembee pamoja na kurunzi, mtoto asishuke dunguni peke yake, wanaolala mbali wahamie dungu la jirani hadi mwezi mwandamo. Masheikh wa Utete na Ikwiriri, wenyeviti wa vijiji na afisa wanyamapori wa wilaya wanaweza kulianza mwezi huu, bila kusubiri bajeti.